Mota ikae wapi? Kichwa cha mbele, kisukumio cha nyuma, au mota mbili za pembeni kwa kiti cha magurudumu

Kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono kinaweza kutiwa umeme bila kutupwa, na njia zinazofanya kazi ni tatu. Ya kwanza ni kichwa cha mbele: gurudumu moja lenye mota, usukani na betri linafungwa mbele ya kiti na kuyanyanyua magurudumu madogo yasiguse chini, hivyo kiti kinafuata kama tela nyuma ya kichwa cha lori. Ya pili ni kisukumio cha nyuma: gurudumu dogo linaloning'inia kwenye bomba la ekseli, kati ya magurudumu makubwa, na kukisukuma kiti kwa chini. Ya tatu ni kuyavua magurudumu makubwa mawili na kuweka mengine yenye mota ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, yakiongozwa kwa kijiti cha kuelekeza (joystick).

Zote zipo sokoni nje. Batec ya Hispania na Triride ya Italia ni vichwa vya mbele. NeoBolt, iliyotokana na kazi ya chuo cha teknolojia cha IIT Madras huko India, ni kichwa pia, na hufungwa kwenye kiti chake maalumu kiitwacho NeoFly. SmartDrive ya Marekani ni kisukumio, na Alber ya Ujerumani hutengeneza magurudumu yenye mota ndani. Ulinganisho huu ni wa karakana, fundi au familia inayotaka kuunda cha kwake toleo baada ya toleo, na imekwama isijue ianzie wapi. Wengi huanza kwa kununua mota. Baadaye hugundua kwamba mota ni nzima ila gurudumu limewekwa mahali ambapo halina uzito wa kulikandamiza, na linazunguka bure kwenye kokoto.

Vigezo kabla ya vifaa

Pima mambo matano na uyaandike.

La kwanza ni njia, na usipime wastani wake. Tafuta sehemu mbaya kuliko zote kati ya nyumbani na anakokwenda mtumiaji. Chukua ubao wa mita 1 na pima maji. Laza ubao juu ya mlima, nyanyua ncha ya upande wa chini hadi pima maji isome sawa, kisha pima pengo lililopo chini ya ncha hiyo. Sentimita 10 ni mwinuko wa moja kwa kumi. Andika pia kama ni lami, udongo mkavu, kokoto au mchanga.

La pili ni mikono: je, mtumiaji ana vidole vinavyokamata breki? Ana mabega mazima? La tatu ni kiti chenyewe, kama fremu yake ni ngumu au ya kukunja, na bomba lina unene gani. Mabomba ya viti huwa ya milimita 22, 25, 28 au 32, na klempu ya milimita 25 haitashika bomba la 22 hata ukiijaza raba. La nne ni mlango na usafiri: upana wa mlango mwembamba kuliko yote, na uzito ambao msaidizi anaweza kuunyanyua kuingiza kwenye daladala au matatu. La tano ni nani atakayekitengeneza kikiharibika.

Sasa hesabu moja itakayotumika kwa njia zote. Mtu wa kilo 75, kiti cha kilo 20 na kifaa cha kilo 15 ni kilo 110. Kwenye mwinuko wa moja kwa kumi, mlima peke yake unadai nguvu ya karibu kilo 11, na msuguano wa tairi kwenye njia ngumu unaongeza kilo 2. Jumla ni kilo 13 za kuvuta. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, hiyo ni kazi ya wati 215 hivi kwenye tairi. Kwa kuwa mota hupoteza nyingi inapozunguka polepole, betri itatoa kama wati 350. Kwa hiyo nguvu ya mota si tatizo. Mota ndogo ya baiskeli inaiweza. Tatizo ni tairi kuzishika hizo kilo 13.

Njia ya kwanza: kichwa cha mbele

*Kushika njia.* Hapa ndipo penye udhaifu wake, na panahitaji hesabu. Kiti kikishafungwa kichwa, gurudumu la mbele hubeba takriban robo ya uzito wote, yaani kilo 27. Kikianza kupanda mlima wa moja kwa kumi, uzito hurudi nyuma na gurudumu la mbele hupoteza kama kilo 7, likabaki na 20. Lami kavu hushika kama asilimia 70 ya uzito, kwa hiyo unapata kilo 14 na unazihitaji 13. Utapanda, lakini ukibaki na kilo moja tu ya akiba. Udongo wenye kokoto hushika asilimia 40, yaani kilo 8, na gurudumu litachimba. Watu huongeza wati hapo, na kinachoongezeka ni kasi ya kuchimba.

Dawa ni kuongeza uzito juu ya gurudumu: betri ikae juu ya foki na si chini ya kiti, mtumiaji ainamie usukani, na tairi liwe pana lenye meno. Kwenye mashimo na mawe, kwa upande mwingine, njia hii inazishinda zote. Tairi la inchi 16 hupita kwenye shimo ambalo gurudumu dogo la inchi 5 lingezama, na magurudumu madogo yenyewe yako hewani sentimita 3 hadi 5.

*Mikono na mlango.* Kinataka mkono mmoja wa usukani wenye nguvu na kidole cha breki. Asiye na vidole anaweza kuwekewa nguzo tatu za kushikilia kiganja badala ya mpini, na breki akaivuta kwa kurudisha usukani wote nyuma. Urefu wa kiti unaongezeka kwa nusu mita na zaidi, hivyo ndani ya nyumba au kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hakigeuki. Faida yake kubwa ni kwamba hufunguliwa mlangoni, kikabaki nje, na mtu akaingia ndani na kiti chake chepesi.

*Kinachoweza kumdhuru mtu.* Kuanguka kwenye kona. Chombo cha magurudumu matatu chenye moja mbele huegemea mstari unaotoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, si upana wote wa kiti. Kwa kiti chenye upana wa sentimita 60 kati ya tairi, na mtu ambaye kitovu cha uzito wake kiko sentimita 60 kutoka chini, gurudumu la ndani huanza kunyanyuka kwa kilomita 12 kwa saa kwenye kona ya nusu-kipenyo cha mita 3, na kwa kilomita 10 kwenye kona ya mita 2. Hizo ni kasi za baiskeli ya polepole. Mfunge mtu mkanda wa kiunoni, na miguu uifunge kwenye vikanyagio. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii mguu ukiburutwa chini ya kiti, na kidonda kitaonekana akifika nyumbani.

*Matoleo, na kinachovunjika.* Toleo la kwanza lisiwe na mota kabisa. Chomelea foki, usukani na klempu, weka mfuko wa mchanga wa kilo 80 kitini, na ukivute kwa kamba. Utaona mambo mawili. Kwanza, kama foki imesimama wima bila kuegemea, usukani utatikisika wenyewe kuanzia kilomita 10 hivi. Mahali tairi linapogusa chini panapaswa kuwa sentimita 3 hadi 5 nyuma ya mahali mstari wa shingo ya usukani unapogonga ardhi. Pili, klempu mbili huzunguka kwenye bomba kama bawaba na kichwa kinalala. Zinatakiwa sehemu nne za kushika, mbili kila upande, moja juu ya nyingine.

Kosa linalorudiwa kwenye viti vya hospitali vya kukunja ni kufunga klempu kwenye bomba la kikanyagio cha mguu. Bomba lile hushikwa na pini moja ili lizungushwe pembeni, halikuundwa kubeba mtu. Pini hulegea ndani ya siku chache. Funga kwenye bomba la wima la fremu, karibu na nyumba ya gurudumu dogo, na uweke mtaimbo wa kutenganisha pande mbili ili kuvuta kusikikunje kiti.

Toleo la pili linaingia mota. Chagua yenye gia ndani, kilo 3 hivi, na muulize muuzaji mizunguko yake kwa dakika. Mizunguko 250 kwenye tairi la inchi 16 ni kilomita 19 kwa saa, na ikipanda mlima kwa kilomita 5 itakuwa inafanya kazi kwa robo ya mwendo wake na kuchemka. Tafuta ya mizunguko 160 hadi 200. Mlima ule wa kilo 13 unadai nguvu ya kusokota ya newtoni mita 26 kwenye tairi la inchi 16, lakini 32 kwenye tairi la inchi 20. Ukibadili tairi, umebadili mota. Kumbuka pia kwamba mota ya gia haiendi kinyumenyume. Mtumiaji atarudi nyuma kwa mikono.

Ekseli ya mota ina pande mbili bapa zinazoingia kwenye mpasuo wa foki. Foki ya alumini hupanuka hapo, ekseli inazunguka yote na kukata waya zake. Weka foki ya chuma na mkono wa bati la milimita 5 au 6 unaoishika ekseli isizunguke, uliofungwa kwa bolti kwenye foki. Toleo la tatu ndilo la kumpa mtumiaji, na kazi yake kubwa ni kuona kama anaweza kukifunga na kukifungua mwenyewe akiwa amekaa. Asipoweza, kichwa kitakaa nje ya nyumba na kupata kutu.

*Kinamfaa nani.* Anayesafiri mbali nje, barabara za mashimo, mwenye mkono wa juu wenye nguvu, na mwenye mahali pa kukiegesha.

Njia ya pili: kisukumio cha nyuma

*Kushika njia.* Kisukumio kina kilo 6 au 7 tu, na ukikitegemea uzito wake peke yake hakitasukuma chochote. Siri ni pembe ya mkono wake. Kadiri kinavyosukuma, mkono unajikita chini na kuongeza mgandamizo. Sharti ni hili: umbali wa kwenda nyuma, kutoka chini ya bawaba hadi tairi linapogusa ardhi, usizidi nusu ya kimo cha bawaba, kwa ardhi inayoshika asilimia 50. Bawaba ikiwa sentimita 28 juu, tairi liguse si zaidi ya sentimita 14 nyuma. Kwa pembe hiyo kitapanda lami na saruji vizuri kuliko kichwa cha mbele. Kwenye mchanga hakifai, na sababu yenyewe ni magurudumu madogo ya mbele, ambayo bado yako chini na yanazama.

*Mikono na mlango.* Upana wa kiti haubadiliki, urefu unaongezeka kidogo sana, na mtu anaingia nacho ofisini, dukani na chooni. Usukani ni mikono kwenye pete za magurudumu makubwa, na breki ni hizohizo pete. Anayeshuka mlima mrefu ataunguza viganja, kwa hiyo glavu za ngozi ni sehemu ya kifaa. Mwenye vidole visivyokamata hatakiweza isipokuwa njia yake ni tambarare.

*Kinachoweza kumdhuru mtu.* Gurudumu dogo la mbele likigonga jiwe la sentimita 3 kiti husimama ghafla, na kisukumio hakijui, kinaendelea kusukuma. Mtu hutupwa mbele. Swichi ya kuzima lazima iwe mahali kiganja kinapopita bila kutafuta, na kasi iishie kilomita 6. Juu ya hapo magurudumu madogo yenye beringi zilizolegea huanza kutetemeka kushoto na kulia.

*Matoleo, na kinachovunjika.* Toleo la kwanza karibu kila mara lina mkono mrefu uliolala, kwa sababu ndivyo unavyoonekana imara. Tairi linateleza. Toleo la pili linafupishwa na kusimamishwa, na linaleta tatizo jipya: likisukuma sana, mkono unavuka wima, unaingia chini ya kiti na kukinyanyua nyuma kama jeki. Chomelea kizuizi kitakachousimamisha mkono tairi likiwa bado sentimita 8 nyuma ya bawaba. Toleo la tatu linahusu kugeuka. Tairi moja lisilogeuka hukwaruza ardhi kila mtu anapozungusha kiti mahali pamoja. SmartDrive ilimaliza hilo kwa kuweka rola ndogo kuzunguka tairi. Karakana isiyo na rola hizo itumie tairi jembamba la mgongo wa duara, na likae katikati kabisa ya kiti, kwani likihama sentimita 2 tu kutoka katikati kiti kitavuta upande siku nzima.

Kiti cha kukunja hakina bomba la ekseli. Kuna haja ya kutengeneza daraja linalounganisha pande mbili na linalofunguka, na hapo wepesi wa kisukumio unaanza kupotea.

*Kinamfaa nani.* Mwenye kiti cha fremu ngumu, mikono mizima lakini mabega yanayochoka, anayeishi kwenye saruji, lami na vyumba. Pia anayepanda gari mara nyingi, maana kilo 6 hunyanyuliwa kwa mkono mmoja.

Njia ya tatu: mota mbili kwenye magurudumu makubwa

*Kushika njia.* Ndiyo bora kuliko zote. Magurudumu makubwa hubeba asilimia 70 hadi 80 ya uzito, na mlima unaongeza hapo hapo. Kilo 80 kwa asilimia 40 ya kokoto ni kilo 32, na unazihitaji 13. Nguvu ya kusokota ni newtoni mita 20 hivi kwa kila tairi la inchi 24. Mbele bado kuna magurudumu madogo, kwa hiyo mchanga na mashimo vinabaki kero. Ukiweza, badilisha yawe ya inchi 8 yenye upana wa sentimita 5.

*Mikono na mlango.* Kijiti kinaongozwa kwa kidole, kiganja au kidevu. Kwa mtu aliyeumia shingo au mwenye misuli inayodhoofika, njia hizo nyingine mbili hazipo kabisa, na hili lapaswa kumaliza mjadala. Lakini habu nene husukuma kila tairi nje sentimita 2 au 3. Pima mlango tena. Uzito wa mota, betri na kidhibiti (kisanduku cha elektroniki kinachoongoza umeme wa mota) unafika kilo 15 hadi 25, na kiti hakikunjiki wala hakinyanyuliki na mtu mmoja.

*Kinachoweza kumdhuru mtu.* Kupinduka nyuma. Mota ikizungusha tairi mbele, fremu nayo husokotwa kwenda nyuma. Kisukumio hakina tabia hiyo kwa sababu kinasukuma kwenye ekseli na tairi linabiringika huru. Chukua kiti ambacho kitovu cha uzito kiko sentimita 15 mbele ya ekseli na sentimita 60 juu: kwenye mwinuko wa moja kwa kumi kitapinduka mwendo ukiongezeka kwa mita 1.5 kwa sekunde, kila sekunde. Ekseli ikiwa imesogezwa mbele kwa ajili ya kusukuma kirahisi, na umbali huo ukabaki sentimita 10, kikomo kinashuka hadi 0.65. Rudisha ekseli nyuma sentimita 3 hadi 5, kama inavyofanywa kwa waliokatwa miguu yote, funga magurudumu ya kuzuia kupinduka, na weka kidhibiti kisiongeze mwendo zaidi ya 0.5.

*Matoleo, na kinachovunjika.* Toleo la kwanza hufia kwenye ekseli. Mota ya baiskeli hushikwa na foki pande zote mbili, lakini gurudumu la kiti linashikwa upande mmoja tu. Ekseli ya milimita 12 yenye tundu la waya katikati itapinda kwa ukingo wa barabara wa kwanza. Zinatakiwa mota zilizoundwa kwa ekseli ya upande mmoja, milimita 16 au zaidi. Mota za hoverbodi, kile kibao cha umeme cha kusimamia chenye magurudumu mawili, zinayo ekseli hiyo na hupatikana kwa bei nafuu, ila tairi lake la inchi 6.5 ni la sakafu, haliwezi njia ya nje.

Toleo la pili hufia kwenye vidhibiti. Vidhibiti viwili vya bei ndogo hupeleka umeme sawa, si mwendo sawa. Njia ikiinama upande, kiti kinaelekea mtaroni. Sensa za mizunguko lazima zisomwe na kila gurudumu lidhibitiwe kwa mwendo wake. Jaribu hili kiti kikiwa juu ya matofali: chomoa waya wa mota moja. Ya pili isiposimama papo hapo, kiti hicho kitamzungusha mtu katikati ya barabara. Toleo la tatu ni breki. Mota isiyo na gia, ikikosa umeme, inabiringika huru, kwa hiyo betri ikiisha kwenye mlima kiti kinarudi. Weka breki ya sumaku inayojifunga umeme ukikatika, na uache breki za mkono za kiti zifanye kazi kama zamani. Hii ndiyo njia inayotaka matoleo mengi kuliko zote, na karakana isiyo na mtu wa elektroniki itulie kabla ya kuianza.

*Kinamfaa nani.* Mwenye mikono dhaifu, anayekaa kitini siku nzima, anayetumia kiti ndani na nje ya eneo moja, shuleni au kazini, na ambaye habebwi kwenye gari mara kwa mara.

Yanayozihusu zote tatu

Betri ya lithiamu ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360 na uzito wa kilo 2.5 hivi. Betri tatu za asidi za ampea-saa 12 zinafika kilo 12. Hesabu wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita na usitumie zaidi ya asilimia 80, upate kilomita 20 za kuaminika kwenye njia isiyo na milima mingi. Fyuzi ya ampea 20 iwe karibu na betri, si karibu na mota. Anayesafiri kwa ndege ajue kwamba kanuni za IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, huruhusu betri ya lithiamu inayochomolewa ya kifaa cha kutembelea hadi wati-saa 300, au mbili za hadi 160 kila moja. Ampea-saa 8 kwa volti 36 ni 288, zinapita.

Aksileta ya kidole ina waya tatu. Ukikatika ule wa hasi, aksileta nyingi hutoa volti zote na mota inaenda kasi ya juu bila kuguswa. Nyanyua tairi, chomoa waya mmoja mmoja, uone. Kidhibiti kisichozima hapo usikifunge. Breki nayo iwe na swichi inayokata mota. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, chumvi inakula plagi: zipake grisi na utumie bolti zisizoshika kutu.

Kabla ya kumwalika mtumiaji apande, kumbuka kipimo cha uimara cha ISO 7176 sehemu ya 8, kiwango cha kimataifa cha viti vya magurudumu: kiti kinazungushwa mara 200,000 juu ya ngoma zenye vizuizi, kisha kinaangushwa mara 6,666. Karakana haina mashine hiyo, lakini inaweza kuweka kilo 100 za mchanga na kukishusha kiti ukingo wa sentimita 5 mara 500, huku ikikagua machomeleo kila mara 50. Nyufa huanza pembeni ya mshono, si katikati yake.

Na msikilize mtumiaji kuhusu vyumba vyake, si barabara pekee. Kiti kinachoendeshwa kwa kusukuma wenzo kwa mikono, kilichobuniwa na timu ya Amos Winter wa chuo cha MIT, Marekani, kilipojaribiwa Afrika Mashariki kilipanda njia mbovu vizuri. Watumiaji wakasema ni kizito na kipana mno kwa ndani ya nyumba, na toleo lililofuata, lililopelekwa Guatemala, likapunguzwa takriban kilo 9.

Uamuzi kwa hali

Kama unaishi kwenye udongo wenye mashimo lakini bila milima mikali, na mikono yako ni mizima, anza na kichwa cha mbele cha tairi la inchi 16. Kama milima ni ya kokoto na mikali kuliko moja kwa kumi, kichwa kitakuangusha moyo. Fikiria mota mbili, au punguza mwinuko kwa kuchagua njia ndefu.

Kama kiti ni cha hospitali cha kukunja, kisukumio kiache. Kichwa kinawezekana kwa mtaimbo wa kutenganisha, lakini kagua kwanza kama kiti chenyewe kinamfaa mtu kwa upana na mto. Kukitia umeme kiti cha mtu aliyekaa vibaya ni kumfikisha haraka kwenye kidonda cha mgandamizo. Wataalamu wa viti waliosomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko Moshi, au wanaofanya kazi na APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, wanaweza kufanya ukaguzi huo.

Kama kazi yako ni ofisini Dar es Salaam au Nairobi, unapanda gari kila siku na mabega yameanza kuuma, kisukumio kwenye fremu ngumu. Kama vidole havishiki lakini kiwiko kinakunja, jaribu kichwa chenye nguzo tatu kabla ya kuhamia kijiti, maana utabaki na kiti chepesi ndani ya nyumba. Kama hata kiwiko hakina nguvu, ni mota mbili, na bajeti ya matoleo manne si mawili.

Kama karakana yenu ina mashine ya kuchomelea, grenda na fundi wa baiskeli tu, jengeni kichwa cha mbele. Kila kinachovunjika hapo kinaonekana kwa macho, na fundi wa kijijini anaweza kukirudisha bila kompyuta. Kama mna mtu wa elektroniki lakini hamna fundi mzuri wa chuma, kisukumio kina vipande vichache vya kuchomelea, na bawaba yake moja ndiyo inayotaka kazi safi: bomba la chuma, bushi ya shaba, na bolti ya milimita 10 yenye nati ya kujifunga.